Klachi Iliyolala Nyumbani Kwangu

Jumatatu, 3 Machi

Imeteleza tena. Kilima kile cha kabla ya kufika Kabingo, magunia ya mahindi nyuma, abiria watatu ndani. Nakanyaga mafuta, injini inalia, gari haiendi. Harufu ya kuungua ikaingia mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. Nikateremsha abiria, wakapanda kilima kwa miguu. Mimi na magunia tukapanda polepole, nusu kwa gia, nusu kwa maombi. Mama mmoja wa Juru akasema gari yangu ina pepo. Nikamjibu pepo hali klachi.

Klachi. Kwetu Uvira tulisema ambreyaji, lakini ukisema hivyo Mbarara wanajua umetoka kambini na bei inapanda. Nimeshajifunza.

Hii ni ya pili kuungua ndani ya mwaka mmoja. Mafundi wawili tofauti, wote waliapa kwamba wamefunga mpya. Mwanamke akiingia gereji, wanaume wanaona ng'ombe aliyejileta mwenyewe machinjoni. Siamini fundi yeyote. Wala muuza spea. Gari hii ya mazutu, ya dizeli, ndiyo shamba langu tangu mume wangu, Baba Riziki, afariki. Binti yetu Riziki ameolewa mbali. Tumebaki mimi na mama yangu mzazi, na gari.

Jumanne, 4 Machi

Mbarara, gari tupu, mwendo wa mzee. Nimekwenda kwa Deo.

Deo ni Mrundi, tumekaa jirani hapa Base Camp, kambini Nakivale, miaka mingi. Alikuwa anatengeneza pikipiki chini ya turubai, mvua ikinyesha anafunga kazi. Sasa amepata fasi kwenye gereji ya Afande. Afande ni mwanajeshi mstaafu wa kambi ya Makenke, alitengeneza malori ya jeshi mpaka nywele zikamtoka kichwani. Kiswahili chake ni kile cha kambi ya askari, kila neno ni amri. Mbele ya Deo mwenyewe aliniambia, "Huyu mkimbizi mimi nilichukua kwa huruma. Kazi iko mzuri. Lakini mteja moja tu akilalamika, iko nje." Deo akaendelea kufuta mikono yake.

Nikajua kwamba neno langu lina uzito fasi ile. Nilifurahi. Nisijidanganye, nilifurahi.

Deo alipima hivi: akavuta breki ya mkono, akaweka gia ya tatu, akaachia pedali. Injini ilipaswa kuzimika. Haikuzimika, ikaendelea kunguruma tu kana kwamba hakuna kilichotokea. Klachi imekwisha, akasema. Halafu akafungua boneti na kunionyesha fimbo ndogo ya chuma kwenye turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa. Mwenye gari wa kwanza aliigeuza ili injini ipate nguvu zaidi. Ndiyo maana klachi za kawaida zinaungua. Injini ina nguvu kuliko klachi, na mimi juu yake naongeza magunia. Anasema nitafute ile ngumu, wanayofunga watu wa mashindano na watu wa kuvuta mizigo.

Maneno yanaingia akilini. Hilo ndilo linalonitia shaka. Mwongo mjinga hanisumbui.

Jumatano, 5 Machi

Nimeuliza madereva wawili. Wa kwanza: klachi ngumu itakuvunja goti. Wa pili: hiyo ni ya vijana wanaokimbiza magari, wewe mama unakimbizana na nani? Hakuna aliyesema Deo amekosea. Hakuna aliyesema amepatia.

Mama amenikuta nimekaa na sahani ya ugali imepoa. Akasema nile kwanza, chuma hakitafika mbinguni. Mama ana jibu la mbinguni kwa kila kitu.

Alhamisi, 6 Machi

Dukani, mimi na Deo. Muuzaji alitoa klachi tatu akazipanga juu ya meza. Ya kwanza ya kawaida, boksi zuri, maandishi mengi. Ya pili imetoka Japani ikiwa imetumika, imepakwa rangi nyeusi kuficha uzee. Ukucha wangu ulitoa rangi ile mara moja. Ya tatu ndiyo ile ngumu. Kifuniko chake kina springi nene, na disiki yake haina ule uso wa kahawia niliouzoea. Ina vipande vya rangi ya shaba vimepangwa kuzunguka. Nzito. Nimeishika kama mtoto wa mtu.

Deo aligonga vipande kwa ukucha, akahesabu meno ya katikati, akajaribu kuyaingiza kwenye mhimili wa gia wa zamani alioubeba. Yaliingia. Akanionya bila kuulizwa: pedali itakuwa ngumu, gari itaondoka kwa kushtuka kidogo, usitegemee ulaini. Kama anataka kuniuzia, kwa nini ananitajia ubaya? Labda ndiyo ujanja wenyewe.

Halafu nikaona. Muuzaji alimwita Deo kwa jina. Akampa soda. Mimi mnunuzi sikupewa hata maji. Soda ile imenikaa kooni ingawa sikuinywa. Kamisheni. Si lazima wahesabiane noti mbele yangu.

Hata hivyo nilichukua ile ngumu. Nisipopanda kilima nimekufa.

Tukarudi gereji. Haina nafasi mpaka Jumatatu. Deo akasema niache boksi kwenye kabati lake, lina kufuli. Nikasema hapana. Nani ana ufunguo wa hiyo kufuli? Yeye. Watu wanaacha kitu kipya Ijumaa, Jumatatu wanafungiwa kitu cha marehemu. Nikaliweka boksi kwenye kiti cha mbele, nikalifunga mkanda, nikarudi nalo Nakivale. Afande alicheka. Heri lawama kuliko fedheha.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechora alama. Msumari, upande wa ndani wa disiki, kwenye chuma cha katikati, si kwenye shaba. Herufi R, ndogo. Fundi hataiona, mimi nitaiona. Nimeifunga kwa kitenge, nimeirudisha kwenye boksi, boksi chini ya kitanda.

Nimeamka usiku kuiangalia. Mama ananitazama tu kutoka kwenye mkeka wake.

Jumapili, 9 Machi

Nilikwenda kwa mjomba upande wa Rubondo tangu asubuhi. Niliporudi nikakuta bamama ba maombi, wenzake Mama wa kanisani, wamejaa sebuleni, kama kawaida yao baada ya ibada, wanaimba mpaka mabati yanatetemeka. Nikapita moja kwa moja chumbani. Boksi lipo. Kitenge kipo. Siku hizi namwamini Mungu na boksi, basi.

Kesho.

Jumatatu, 10 Machi

Nimechoka hata kuandika, lakini lazima niandike, kumbukumbu ni shahidi wangu.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na gari tangu asubuhi. Sikwenda chooni mpaka walipokunywa uji. Deo alishusha giaboksi na kuitoa klachi ya zamani. Imeungua mpaka imekuwa ya bluu. Nyuma yake kuna lile gurudumu zito la injini, flaiwili, ambalo klachi inalikamata. Uso wake una mikwaruzo. Deo akasema lazima likachongwe liwe laini, kwa mtu mwenye mashine upande wa pili wa mji. Analichukua kwa boda anarudi, akasema. Nikasema naenda nalo.

Kwa hiyo tulipanda boda moja, dereva mbele, Deo katikati amekumbatia flaiwili, mimi nyuma nimemkumbatia Deo. Watu wa Mbarara walitazama. Watazame. Nilisimama pembeni ya mashine mpaka chuma kikawa kama kioo, nikarudi na kitu changu.

Baadaye akatoa kijiti. Kijiti cha mti, amekichonga kwa kisu! Nikamwuliza kama anafunga klachi au anakoroga chungu cha sombe. Akanieleza kwa upole kwamba disiki lazima ikae katikati kabisa kabla ya kukaza bolti, la sivyo giaboksi haiingii, na kijiti kinaishikilia. Nimeuliza mafundi wengine wawili kwa siri. Wote wanavyo vijiti vyao. Sawa.

Jambo la mwisho. Deo aliosha flaiwili kwa petroli. Akaosha kifuniko kipya kwa petroli, akasema kinatoka kiwandani kimepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Halafu akanyoosha mkono: nipe disiki nayo niifute. Petroli ilikuwa imekwisha kwenye kopo lake. Kopo jingine liko nyuma ya ukuta. Nyuma ya ukuta! Macho yangu hayafiki kule. Nikakataa. Nikasema disiki ni mpya, imetoka kwenye boksi, imelala kwangu, haina haja ya kuoga. Akasema tena, ni desturi yake kufuta kila kitu. Nikasema si kwa gari yangu. Akanitazama kidogo. Akasema, kama ni mpya haina neno. Nikamkabidhi mkononi, nikaona herufi yangu, nikaona anaiweka, nikaona anakaza bolti moja huku, nyingine ng'ambo, kwa zamu.

Hakuna kilichoniponyoka. Leo nitalala.

Jumanne, 11 Machi

Pedali ngumu kweli. Goti la kushoto linaniuma kama nimelima. Gari inaondoka kwa kurusha kichwa. Lakini inakwenda.

Deo anasema wiki nzima nisipakie mizigo, nisikimbize, niiachie klachi izoeane na flaiwili. Wiki nzima? Wiki nzima ni muda wa kutosha wa mtu kukana. Ukirudi baada ya wiki anakuambia ni wewe umeharibu. Nimeandika hapa kwamba aliniambia jana jioni, na Afande alisikia.

Ijumaa, 14 Machi

Natii. Nimebeba abiria wawili tu, na kuku.

Kuna harufu. Si ile ya zamani ya kuungua. Hii ni tamu kidogo, nzito, kama jiko la mtu anayekaanga na kujipulizia marashi kwa wakati mmoja. Abiria mmoja akauliza nani amejipaka. Na nikiachia pedali gari inatetemeka mpaka vioo.

Nimempigia Deo. Anasema si kawaida, nilete aangalie. Bila shaka atataka kuangalia. Ili aondoe ushahidi? Sipeleki. Nitangoja wiki iishe, nipakie, nione ukweli wenyewe.

Mama anauliza gari inaendeleaje. Nimemwambia inatetemeka. Akasema basi inapambana, itashinda.

Jumatatu, 17 Machi

Nina hasira, kalamu inatoboa karatasi.

Nilipakia. Magunia ya mahindi, si mengi hata. Kilima kile kile. Gia ya pili. Injini ikalia, gari ikasimama, halafu ikaanza kurudi nyuma. Nyuma! Na lori linapanda nyuma yangu. Nikapiga breki, nikavuta breki ya mkono, abiria wakaruka nje wakaweka mawe. Moshi ukatoka. Harufu ile ile tamu. Nilijua wakati ule ule: disiki yangu haimo. Nimefungiwa takataka iliyolowa mafuta, imeoshwa, imeng'arishwa. Siku ile nilienda chooni mara moja, wakati wa uji, pale ndipo alipoibadilisha, na hata R yangu akaiiga.

Nikapakua mahindi kwenye nyumba moja chini ya kilima, nikafika Mbarara na gari tupu inayojikokota.

Niliingia gereji sikusalimia. Mafundi wote walikuwepo, wateja pia. Deo alikuwa chini ya gari ya mtu, miguu tu inaonekana. Nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie, "Huyu ni mwizi. Nilimpa klachi mpya, amenifungia ya zamani, na leo alitaka kuniua."

Deo akatoka chini ya gari. Uso wake una vumbi la breki. Hakupiga kelele. Alisema, "Fungueni muone." Basi, maneno mawili hayo.

Afande hakutaka kufungua. Wateja wanatazama, na yeye ni mtu wa amri. "Mimi nilisema siku ya kwanza. Leta overoli. Toka." Deo akavua overoli pale pale, akabaki na fulana na kaptula. Akaikunja. Anaikunja vizuri, kama mtu anayerudisha kitu kanisani. Akaiweka juu ya tairi, akatoka na mfuko wake wa spana. Fundi mmoja akamfuata akafungua mfuko ule getini, akaukagua. Hakuna aliyemzuia fundi yule. Mimi pia sikumzuia.

Nilijisikia vizuri. Nalala kwa rafiki yangu hapa Makenke. Kesho Afande mwenyewe atafungua.

Jumanne, 18 Machi

Herufi R ipo.

Afande alishusha giaboksi kwa mikono yake, akaitoa disiki, nikainama kuangalia. R. Ya kwangu. Mstari uliopinda kidogo pale msumari uliponiteleza. Disiki ni ile ile.

Na inang'aa. Afande akapitisha kidole juu ya shaba, kidole kikarudi na utando wa kahawia. Akanusa. Akaangalia nyuma ya injini kama kuna mafuta yanayovuja. Pakavu kabisa. Akanusa tena. "Mama, hii si mafuta ya injini. Ya injini iko nyeusi. Hii inanukia kama saluni."

Akaninyooshea kidole chake. Nikanusa. Nikajua.

Kila mtu wa kanisa letu anaijua harufu ile. Chupa ndogo ya mafuta ya upako, kifuniko cha dhahabu, bamama ba maombi wanapaka kwenye vipaji vya nyuso za watoto, kwenye milango, kwenye mbegu kabla ya kupanda. Gari hii yenyewe walishaipaka boneti.

Afande sikumwambia. Aliosha disiki kwa petroli mara nyingi, akaikwangua kwa msasa, na flaiwili pia. Anasema nina bahati. Ingekuwa ile ya kawaida ingekunywa mafuta yote na ningeitupa. Hii ya shaba hainywi. Alipokuwa anafunga akanung'unika kwamba kazi ya Deo iko sawa, kila bolti iko sawa. Nikauliza, basi Deo atarudi? Afande akasema amri ikitoka imetoka.

Jioni nilishuka mpaka chini ya kilima cha Kabingo, nikageuza gari ili nikipande. Nilirudisha mahindi yangu yote ndani. Gari ilipanda kama hakuna kilima. Sijawahi kupanda kilima kwa uchungu hivyo.

Mama alikuwa anachambua mchele. Nikamwuliza kama aligusa kile chuma changu. Hakusita hata kidogo.

"Njo mimi nilikigusa. Siku ile ya maombi. Tulikitoa, tukakipakaa mafuta pande zote, tukakiombea, tukakirudisha. Ile kitu ilikuwa inakukatalisha kulala, mwanangu."

Nikamwambia klachi inashika kwa ukavu. Ikipata mafuta haishiki. Nikamwambia nilikaribia kufa kilimani. Akaacha mchele. Akauliza, "Na yule Mrundi?" Sikuwa nimemwambia habari za Deo. Habari zimefika Nakivale kabla yangu. Nikasema wamemfukuza. Nikasema ni mimi.

Mama akaweka ungo chini, akafunika uso kwa kitenge chake. Mimi nikatoka nje.

Ulimi hauna mfupa. Na Deo aliniomba aifute. Mara mbili aliniomba. Siku ile ya kufukuzwa angeweza kulisema hilo mbele ya watu wote na asingekuwa amesema uongo. Hakulisema.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekwenda kwa Deo. Turubai lile la zamani amelitundika tena, ana pikipiki moja ya kutengeneza. Mke wake alinipa salamu ya mlangoni, hakuleta kiti. Ana haki.

Nilisema yote nikiwa nimesimama. Mafuta, Mama, herufi R, petroli niliyomkatalia. Deo alisikiliza huku mkono wake ukifungua kabureta, skrubu baada ya skrubu, bila kutazama. Nilipomaliza nikasema naomba msamaha. Nikamwambia nitakuwa namletea wateja.

Akasema, "Mama Riziki, mimi nimekusamehe. Lakini hukunitukania hapa. Ulinitukania kule. Kasemee kule."

Nikasema nitakwenda. Kule wako wote. Kumwita mtu mwizi mbele yao ilikuwa rahisi kama kukohoa. Kusema nimekosa, mdomo unakauka tangu sasa.

Jumamosi, 22 Machi

Sijakwenda. Jana nilijiambia mvua. Leo nimejiambia Jumamosi gereji haina watu, kwa hiyo haitafaa. Hiyo ni kweli lakini si ndiyo sababu.

Mama ameamka, amesema Jumatatu anakuja na mimi. Nimekataa. Hajanisikia, au amesikia.

Jumatatu, 24 Machi

Tulifika wakati wa uji, wamekaa wote kwenye matairi na vikombe vyao. Deo tulikuja naye, lakini hakuingia, alisimama getini.

Nilisimama katikati. Nikasema, "Wiki iliyopita nilimwita Deo mwizi hapa. Hakuiba. Klachi ilikuwa ile ile yangu. Iliharibikia nyumbani kwangu, na aliniomba aifute, nikamkatalia." Sauti yangu ilitoka ndogo. Afande akasema hajasikia vizuri. Alisikia. Nikarudia.

Akauliza iliharibikaje nyumbani. Kabla sijajibu Mama akatoka nyuma yangu, mfupi, kitenge chake cha kanisa, akafungua mkoba akatoa chupa. Akasema ni yeye, na mafuta ni haya, na hakukusudia mabaya.

Fundi mmoja akasema, "Kumbe klachi imeokoka." Wakalipuka. Walicheka mpaka uji ukamwagika. Mwingine akaomba giaboksi yake ibatizwe. Afande alishika mbavu, machozi yakamtoka, akamwita Deo kwa mkono akiwa bado anacheka: kale, haya, njoo, chukua overoli yako.

Mama hakucheka. Alirudisha chupa mkobani. Alipita katikati ya kicheko chote mpaka getini, akamshika Deo mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo, mwanamke mzee namna ile mbele ya kijana wa kumzaa. Deo akamwinua haraka. Yeye pia hakucheka.

Amerudi kazini, basi. Nilitaka kufurahi. Lakini hakurudi kwa sababu waliamini yangu. Alirudi kwa sababu walicheka.

Alhamisi, 27 Machi

Safari mbili. Klachi inashika vizuri mno. Goti limezoea.

Mama hajaenda maombi wiki hii. Nimemwambia aende. Anasema ataenda.

Ijumaa, 11 Aprili

Nilipeleka gari kubadilisha mafuta ya injini. Ningeweza kufanyia hapa Nakivale. Nilitaka kumpa Deo kazi, na nilitaka kuona.

Nimeona. Wanamsalimia, wanatania naye kuhusu ubatizo. Lakini akikaribia kuazima spana, mwenye spana anamletea mwenyewe na kungoja mpaka amalize. Deo akipita, mtu anasogeza boksi lake kwa mguu. Kidogo tu. Labda hata hawajui kwamba wanasogeza.

Sikukaa kwenye kiti karibu na gari. Nilikwenda nikakaa mbali, kivulini mwa ukuta, nikageuza uso barabarani makusudi, ili ajue. Alifanya kazi yake bila haraka. Akafuta hata boneti.

Alipomaliza aliniita. Chujio la zamani ameliweka kwenye mfuko, kopo tupu la mafuta kando yake. Halafu akatandika gunia chini. Akatoa vifaa vyake kwenye boksi lake, kimoja kimoja, akavipanga juu ya gunia mpaka boksi likabaki tupu. Akageuza mifuko ya overoli, yote, ikaning'inia nje. Fundi wa jirani hakuinua hata kichwa. Alisema siku hizi Deo anafanya hivyo kwa kila mteja.

"Angalia, mama," Deo akasema.

Nikasema haina haja. Nikasema, Deo, mimi nakuamini. Hakukasirika, wala hakutabasamu. Alibaki amesimama, mifuko inaning'inia, akingoja, na nyuma yake mteja mwingine alikuwa anangoja zamu.

Nikaangalia.